Mustang ya 1969 mjini Lubumbashi: namna ya kujua kama bei yake ni halali

Gari la Kimarekani la V8 (injini ya silinda nane) la kati ya 1964 na 1973 likitafutiwa mnunuzi Lubumbashi, muuzaji huanza kwa kufungua kapo (boneti). Anajua atakachovuna: injini inanguruma, wapita njia wanasimama, na mnunuzi anaanza kulipenda gari kabla hajalitazama. Mwombe alifunge kwanza. Injini ndiyo kitu rahisi kuliko vyote kubadilisha. Injini ya Chevrolet 350 (namba hiyo ni ukubwa wake kwa inchi za ujazo) ilitengenezwa kwa miongo mingi, na hadi leo pistoni, gasketi na bomba zake za maji zinauzwa mpya kwenye katalogi. Kinachobeba bei ni namba na bati. Namba zikishapotea hakuna duka linaloziuza, na bati lililooza chini ya rangi inayong'aa hula dola nyingi kuliko injini mbili. Basi ukaguzi ufuate njia hiyo: namba, bati, ndipo injini, na bei mwisho kabisa.

Namba

Magari haya yana mtego mmoja mkubwa: toleo la bei kali lilijengwa juu ya gari la kawaida. Camaro ya 1969 yenye silinda sita na Camaro SS, toleo la bei kali, zina mwili uleule, milango ileile, viti vinavyoingiliana. Mtu mwenye nembo, mistari ya rangi na injini ya kununua anaweza kulivika gari la chini nguo za gari la juu, na asiyezoea hataona tofauti. Kufanya hivyo si kosa likisemwa wazi na kuuzwa kwa bei yake. Hasara ni kulipa bei ya SS kwa gari lililozaliwa bila SS.

Namba ya shasi ya wakati ule si ya tarakimu 17. Mfumo wa 17 ulianza na magari ya mwaka wa modeli 1981. Mustang ya miaka hiyo ina herufi na tarakimu 11, Camaro na Charger zina 13. Likumbuke hilo, maana tutalirudia tukifika kwenye karatasi.

Kwa Mustang ya 1969, tuseme namba inaanza 9F02R. Tarakimu 9 ni mwaka, F ni kiwanda cha Dearborn, 02 ni mwili wenye mgongo wa mteremko, na herufi ya tano ndiyo injini. R ni 428 Cobra Jet yenye mdomo wa hewa juu ya kapo. F ni 302, H ni 351 ya kabureta ya midomo miwili, M ni 351 ya midomo minne, G ni Boss 302, Z ni Boss 429. Muuzaji akikuambia ana Cobra Jet na herufi ya tano ni F, mazungumzo ya bei yaanze upya. Akikuambia ni Boss 429, jua kwamba zilitengenezwa 859 kwa mwaka 1969 na 499 kwa 1970. Gari la namna hiyo haliuzwi kwa maneno matupu ya barabarani.

Camaro ya 1969 huanza 12437 ikiwa ni V8 ya paa gumu, na 12337 ikiwa ni silinda sita. Baada ya hapo 9 ni mwaka, N ni Norwood, L ni Los Angeles. Hapo namba inanyamaza: haikuambii SS wala Z/28, toleo jingine la bei kali. Kwa hiyo Camaro yenye 123 inayoitwa SS ni ya kuvikwa, bila ubishi. Yenye 124 bado haijathibitisha kitu. Chevelle SS inasomeka kwa namba 138 kuanzia 1966 hadi 1968, lakini kuanzia 1969 SS iligeuka kuwa nyongeza tu na namba haiioneshi tena. Pontiac GTO ya 1966 hadi 1971 lazima ianze na 242. Ikianza na 237 ni LeMans, gari la kawaida. Charger R/T ya 1969 huanza XS29, ya kawaida XP29, na herufi ya tano L ni 440, J ni Hemi ya 426.

Pale namba inaponyamaza, karatasi ziongee. Kwa Ford za kuanzia 1967 kuna ripoti ya Marti, iliyotolewa kwenye kumbukumbu za kiwanda chenyewe. Kwa Pontiac kuna hati za PHS (Pontiac Historical Services). Chevrolet zilizouzwa Marekani hazina hifadhi kama hiyo, ndiyo maana karatasi ya kiwanda iliyokutwa juu ya tangi la esanse au ndani ya kiti ina thamani kubwa kwenye Camaro. Ripoti hizo huagizwa kwa intaneti kwa namba ya shasi tu. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na gari. Muuzaji anayekataa kukupa namba ili uagize ameshakujibu.

Sasa tazama namba zenyewe kwenye chuma. Kwenye Camaro ya 1968 na kuendelea, kibao kiko juu ya dashibodi upande wa kushoto, kinasomeka kupitia kioo, na kimeshikwa na riveti zenye umbo la ua la petali sita. Riveti za kawaida za mviringo pale maana yake kibao kiliwahi kung'olewa. Mustang ya 1968 kibao chake kiko kulia, ya 1969 kushoto, na namba hiyohiyo imegongwa kwenye bati la ndani la fenda ya kushoto ukifungua kapo. Zisome zote mbili kwa tochi, herufi kwa herufi, na uzipige picha.

Injini ya kuzaliwa nayo? Kwenye Chevrolet ndogo, safisha kwa mafuta ya taa sehemu bapa iliyo mbele ya bloku upande wa kulia, chini ya kichwa cha silinda. Kuanzia 1968 utakuta sehemu ya namba ya shasi. Kiwandani sehemu ile ilikatwa na mashine inayoacha mistari myembamba ya kutoka mbele kwenda nyuma. Namba zikiwa juu ya uso laini usio na mistari, mtu amesugua na kugonga upya. Halafu tafuta tarehe ya chuma cha bloku kuyeyushwa na kumiminwa kiwandani: herufi ni mwezi, A ikiwa Januari na L Desemba. C 14 9 ni tarehe 14 Machi 1969. Bloku iliyoyeyushwa Mei haiwezi kuwa ya gari lililounganishwa Aprili.

Bati

Hapa usiwe na haraka. Tenga saa mbili, mchana, gari likiwa limeoshwa na kukauka. Chukua sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa, tochi, bisibisi, kioo kidogo cha mkono, ndoo ya lita 10 na turubai la kulalia. Mwenye kipimo cha unene wa rangi atafanya kazi haraka: rangi ya kiwanda huwa kati ya mikroni 100 na 180, gari lililopakwa mara ya pili hufika 200 hadi 350, na penye zaidi ya 500 umekutana na mastiki (puti ya kuzibia bati). Ukisoma 1,000, kuna milimita nzima ya mastiki pale, na chini yake huenda bati limeoza.

Pitisha sumaku sehemu za chini: nyuma ya magurudumu ya mbele, nyuma ya magurudumu ya nyuma, chini ya milango, na pembeni mwa kioo cha nyuma. Gari lenye paa lililovikwa ngozi bandia libonyeze kwa kidole kuzunguka kioo. Ukisikia linakatika kama mkate mkavu, maji yamekaa pale miaka. Fungua malle (buti), nyanyua zulia na gurudumu la akiba. Sakafu ya malle yenye lami nyeusi mpya haijapakwa kwa ajili ya urembo.

Mustang ina kidonda chake maalumu: sanduku la hewa chini ya kioo cha mbele. Liliunganishwa kwa vipande viwili visivyofikika kwa mkono wala rangi, na likioza maji hushuka kwenye miguu ya dereva. Mwaga ndoo ya lita 10 polepole kwenye matundu yale, subiri dakika tano, kisha ingiza mkono chini ya dashibodi pande zote mbili. Mkono ukitoka na maji, kuna kazi ya kukata mbele yote ya gari na kuchomelea upya. Tolie (fundi wa bati) mzuri wa Lubumbashi anaiweza, lakini ni wiki kadhaa, na kipande lazima kitoke Marekani. Muuzaji akisema "hiyo ni kipira tu", mwulize mbona hakukibadilisha. Tazama pia minara ya shokabsoba ndani ya kapo: Mustang hupasuka pale, hasa zilizowekewa injini kubwa, na barabara zetu zenye mashimo humalizia kazi.

Mustang, Camaro na Charger hazina shasi kamili kama pikapu. Mwili wenyewe ndio unaobeba mzigo, na Camaro ina fremu ndogo ya mbele tu iliyofungwa kwa bolti. Ndiyo maana kutu kwenye sakafu yake si jambo la zulia kulowa. Chevelle na GTO zina shasi yake kamili chini na husamehe zaidi. Fungua mlango nusu, uunyanyue: ukicheza ni bawaba, hilo si kitu. Lakini nafasi kati ya mlango na fenda ikiwa nyembamba juu na pana chini, mwili umeinama. Toa bisibisi, gonga kwa mpini kwenye mihimili ya chini kuanzia mbele hadi nyuma, na usikilize: chuma kizima hulia, kilichooza hukaa kimya.

Uliza gari liliishi wapi Marekani. Lililoishi Arizona au California ya ndani lina jua kwenye viti lakini bati zima. Lililoishi Michigan au Ohio lilipita miaka kwenye chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji. Na karatasi ya umiliki ya Marekani isiwe imeandikwa Salvage, yaani gari lililowahi kuharibika vibaya. Neno hilo linafuata gari milele, na kupunguza bei kwake hakufutiki kwa rangi mpya.

Injini, kwa vipimo vya hapa

Mpigie muuzaji simu kabla: "Papa, tafadhali usiiwashe kabla sijafika." Fika, weka mkono juu ya kapo. Likiwa na joto, rudi kesho. Injini baridi ndiyo inayosema ukweli: moshi wa bluu wa sekunde chache za mwanzo ni mipira ya supapu, moshi wa bluu usiokoma ukikanyaga ni ringi, moshi mweupe wenye harufu tamu ni maji kuingia kwenye silinda.

Baada ya kupata joto, pima mgandamizo. Chomoa buji (plagi) zote 8, tenganisha koili, kanyaga esanse mpaka chini, zungusha injini mizunguko mitano kwa kila silinda. Fundi wengi wana vitabu vinavyosema bar 10 au zaidi, na wanashtuka hapa wakipata 8.5. Lubumbashi iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 10, kwa hiyo 8.5 inaweza kuwa afya nzuri kabisa. La kutazama ni tofauti: silinda ya chini kabisa isiwe chini ya robo tatu ya ile ya juu kabisa. Ikiwa chini, tia kijiko cha oili kupitia tundu la buji na pima tena. Ikipanda, ringi zimechoka. Isipopanda, supapu hazifungi. Silinda mbili zinazopakana zikiwa chini zote, gasketi ya kichwa imekatika kati yake.

Kipimo cha mvuto wa hewa kwenye bomba la kabureta nacho kina hila ya mwinuko. Vitabu vinataka inchi 17 hadi 21 za zebaki injini ikiwa inapumzika. Hapa toa nne, yaani 13 hadi 17. Sindano itulie. Ikiruka kwa mpigo sawasawa, kuna supapu isiyofunga. Shinikizo la oili lifikie kama bar 0.7 kwa kila mizunguko 1,000, injini ikiwa moto.

Kabureta iliyorekebishwa pwani hutoa esanse nyingi mno hapa: buji nyeusi, harufu kali, mvutano mzito. Kwa Holley, kanuni ni kushusha saizi moja ya jeti kwa kila futi 2,000 za mwinuko, kwa hiyo mbili kwa Lubumbashi. Ni kazi ya nusu siku, usikubali ikatajwe kama sababu ya kupandisha bei wala usiitumie kudai ishushwe sana.

Kuhusu farasi: namba kubwa za kabla ya 1972 zilipimwa injini ikiwa mezani, bila kichujio cha hewa, bila bomba refu la moshi. Ndiyo maana Chevelle LS6 ya 1970 inaandikwa 450. Kuanzia 1972 Wamarekani walipima injini ikiwa imevaa kila kitu, namba zikaanguka. Ongeza na mwinuko wetu unaokula kama asilimia 12, na utaelewa kwa nini gari la "450" halikuvuti kama ulivyotarajia.

Esanse ni suala zito zaidi. Injini hizi zilizoea esanse yenye risasi, ambayo iliondoka nchi za kusini mwa Sahara mwanzoni mwa 2006. Risasi ililinda viti vya supapu. Gari lililoendeshwa sana bila vichwa vyake kuwekewa viti vigumu huzamisha supapu za moshi kidogo kidogo. Dai risiti ya kazi hiyo au ihesabu kwenye gharama. Injini za mgandamizo wa 10.6 kwa 1, kama 428 Cobra Jet, zitagonga kwa esanse hafifu: sauti ya kokoto kwenye kopo ukipanda mlima kwa gia ya juu. Mwinuko wetu unasaidia kidogo hapa, na fundi anaweza kurudisha nyuma cheche, lakini 302 ya kawaida yenye 9.5 itakupa usingizi. Kwa oili, kemshafti za zamani zinahitaji zinki. Oili ya dizeli nzito ya 15W-40 ya daraja la CI-4 huwa nayo ya kutosha. Oili nyepesi za magari mapya hapana, na husugua kemshafti mpaka ikalala.

Freni: gari la 1966 au nyuma yake mara nyingi lina silinda kuu yenye mkondo mmoja. Bomba moja likipasuka, magurudumu yote manne yanabaki bila freni. Ikiwa bado hivyo, weka gharama ya kubadilisha kwenye orodha, bila mjadala. Radiatere ipimwe kwa kuliacha gari likiunguruma dakika 20 juani; Oktoba ya hapa haina huruma. Bwati (giaboksi) otomatiki: mafuta mekundu ni sawa, ya kahawia yenye harufu ya kuungua si sawa. Nyaya, taa, viti, haya ni madogo.

Karatasi za hapa

Karte roze (kadi ya usajili wa gari) isome namba ileile iliyo kwenye chuma. Kwa kuwa namba ya zamani ni fupi, kuna watu huiongezea sifuri ili ijaze nafasi 17, na kuna makosa ya O na 0, I na 1. Gari lenye namba mbili tofauti litakusumbua kila siku ya kuuza, kusajili na kukata bima. Dai risiti ya malipo ya DGDA (idara ya forodha) yenye namba hiyohiyo. Gari lenye plake ya Zambia au ya Afrika Kusini lililoingia kwa muda kupitia mpaka wa Kasumbalesa halijalipiwa, hata kama limekaa mtaani miaka mitatu. Deni hilo linahamia kwako.

Ukinunua nje, gari moja linakaa kwenye kontena la futi 20, mawili kwenye la futi 40. Kabla ya kutuma dola, deklaran (wakala wa forodha) akuandikie mambo mawili: kama gari la umri huo linaruhusiwa kuingia kwa kanuni za siku hiyo, na ushuru wake wote. Kumbuka TVA (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 16 hupigwa juu ya thamani pamoja na usafiri, bima na ushuru wenyewe, si juu ya bei uliyolipa peke yake. Kutoka Afrika Kusini kuna pia V8 za usukani wa kulia, kwa mfano Chevrolet SS, ambayo ni Holden Monaro ya Australia yenye jina jingine. Ni nzuri, lakini sisi tunaendesha kulia, na kupita lori kwenye njia ya Likasi ukiwa umekaa upande wa majani ni kazi.

Bei

Tafuta kwanza gari lilelile, mwaka uleule, injini ileile, lililo katika hali ya kuendeshwa kila wikendi, limeuzwa kwa kiasi gani. Matokeo ya minada ya tovuti ya Bring a Trailer yako wazi kwa kila mtu, na Hagerty, wanaotathmini magari ya zamani, hupanga bei kwa madaraja manne, la 1 likiwa bora kabisa. Tumia daraja la 3, si la 1 ambalo muuzaji atakuonesha. Bei ya kuombwa si bei ya kuuzwa.

Kisha toa. Chukulia, kwa mfano wa hesabu tu, daraja la 3 ni dola 45,000. Umekuta bati na rangi 9,000, freni 1,800, radiatere na mipira 1,200, usafiri na ushuru wa vipande 3,000. Jumla 15,000. Ongeza robo kwa ajili ya yale yatakayoonekana rangi ikishakwanguliwa: 18,750. Inabaki 26,250, na hapo ndipo dari yako. Muuzaji anayetaka 38,000 huenda si mwongo, anahesabu alichotumia. Gharama zake si thamani ya gari.

Namba zisipolingana na jina la gari: ikiwa gari ni la kuvikwa, linganisha na gari la kawaida lililovikwa, usianze na bei ya halisi ukashusha. Na kama ndilo la kwanza kwako, chagua Mustang ya 1965 hadi 1970 yenye 289 au 302, au Camaro yenye 327 au 350. Karibu vipande vyake vyote vinatengenezwa upya, mpaka mwili mzima wa bati mpya kutoka Dynacorn. AMC Javelin au Mercury Cyclone ni nzuri kutazama, lakini taa moja ya nyuma ikivunjika kwenye dodani (tuta la barabarani) la mitaa ya hapa ya Kenya au Katuba, utaitafuta miezi.

Siku ya kulipa, gawanya. Sehemu kubwa baada ya kusoma namba zote mbele ya fundi wako na kuandika mkataba unaozitaja, iliyobaki karte roze ikishatoka kwa jina lako. Kwenye mkataba iandikwe kama injini ni ya kuzaliwa nayo au siyo. Komisioneri (dalali) alipwe na aliyemtuma, na hilo nalo liandikwe, la sivyo atakuja kwenu nyote wawili.